Alama nyekundu kwenye 4/6

Nimetoka tuisheni jioni hii nikiwa na uchungu.

Mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza, ambaye hesabu za sehemu zimemsumbua tangu shule ya msingi, alijumlisha 1/2 na 1/6 kwa kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 2 na 6, akapata 3/6 + 1/6, yaani 4/6, akaliingiza jibu kwenye kompyuta.

Programu ikaweka alama nyekundu bila maelezo yoyote, kwa kuwa ilitaka 2/3.

Akaifuta hesabu yote daftarini, hata KDS aliyoipata mwenyewe, akaanza kuingiza namba za kubahatisha.

Alibakiza kurahisisha tu! Programu isiyoona njia inamvunja moyo mtoto aliyeanza kuelewa.

Walimu wenzangu, ninyi mnafanyaje hali kama hii inapotokea?