Karatasi ya mahudhurio

Mama akiulizwa binti yake afundisha nini chuoni, hujibu, "Mambo ya taka." Simlaumu. Utawala wa mazingira na mchakato wa sera ni jina refu la kazi ambayo, kwangu mimi, imekuwa zaidi kukalia viti vya plastiki nikingoja mkutano wa saa tatu uanze saa tano.

Nilipokuwa nikikusanya data ya uzamifu, nilishuka diko moja, pale wavuvi wanapoegesha vyombo vyao, kando ya mkono wa bahari wa Tudor, Mombasa, na mkoba wa hojaji. Juu yake kulikuwa na karatasi ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Mzee mmoja alikuwa akitengeneza wavu, uzi kaubana kwa kidole gumba cha mguu. Shikamoo, marahaba. Nikampa karatasi. Hakuipokea.

"Mwanangu, hii yataka jina langu au maneno yangu?"

Vyote viwili, nikasema. Akacheka. "Wote husema hivyo. Jina huenda, maneno hubaki papa hapa."

Nilidhani ni kiburi cha uzee, mpaka miezi kadhaa baadaye nilipokuwa nikipekua viambatisho vya ripoti ya ofisi moja nisiyoitaja. Jina lake lilikuwemo mara mbili, sahihi mbili zisizofanana hata chembe. Maoni ya wavuvi yalikuwa mstari mmoja: "Jamii iliunga mkono."

Hapo ndipo tasnifu yangu ilipogeuka. Katiba ya Kenya ya 2010 inataja ushiriki wa wananchi katika kifungu cha 10, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika kusimamia mazingira. Maneno mazuri, na yana meno: 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Lakini naona wenye ofisi walijifunza somo jingine kabisa. Ikiwa kesi yaweza kukuangusha, tunza ushahidi. Na ushahidi ulio rahisi kuupata ni karatasi yenye majina, pamoja na picha ya watu wakinywa soda. Siku hizi nikiingia ukumbini huangalia kwanza nani anaishika ile karatasi. Anaandamwa kuliko mgeni rasmi.

Darasani humfundisha Elinor Ostrom, Mmarekani aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi, 2009. Aliandika habari za wavuvi wa Alanya, Uturuki: kila Septemba waligawana mahali pa kuvulia kwa kura ya bahati, kisha kila siku mvuvi akasogea mahali panapofuata upande wa mashariki, na kuanzia Januari wakarudi kuelekea magharibi. Hakuna aliyekalia penye samaki msimu mzima. Nilimsimulia mzee wangu. Swali lake lilikuwa moja tu: "Na anayeruka zamu?"

Nikamwambia kesi zao nyingi zilimalizwa kwenye mkahawa wa kahawa.

"Basi ni watu kama sisi," akasema, akarudi kwenye wavu wake.

Hojaji yangu yenye maswali 46 haikuwa na hata moja kuhusu kahawa. Nikaitupa. (Msimamizi wangu hakufurahi, na pesa za kupigisha chapa zilikuwa zangu.) Nikaanza kuketi barazani jioni na daftari tu.

Wiki ya mwisho nilimsomea mzee yale niliyoyaandika, ukurasa kwa ukurasa. Alinyamaza mpaka nilipofika pale nilipoandika kwamba siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, wavuvi hawatoki.

"Futa. Kutoka twatoka. Nilisema hatutegi uzio wa samaki."

Nikafuta, nikaandika, nikamsomea tena. Akajipangusa mkono kwenye kikoi.

"Haya. Sasa lete kalamu."