Mimba ikitoka vibaya: hatari ziko wapi, haki ni zipi

Wanawake wengi ambao wangepona hufia nyumbani kwa sababu ya dhana moja: kwamba kwa vile kutoa mimba ni kosa la jinai, kwenda hospitali ukiwa unavuja damu ni kujipeleka polisi. Sivyo. Kenya na Tanzania zote zina huduma baada ya mimba kuharibika katika vituo vya afya, iwe mimba ilitoka yenyewe au ilitolewa. Nchini Kenya, Ibara ya 43(2) ya Katiba inasema mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura.

Kuhusu kutoa mimba kwenyewe, nchi hizi mbili hazilingani. Ibara ya 26(4) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza, kisha inaacha nafasi: pale mtaalamu wa afya anapoona pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Wengi huruka neno “afya” na kusoma “maisha” peke yake. Wengine hudhani mtaalamu lazima awe daktari bingwa, ilhali Sheria ya Afya ya 2017 inamtambua pia muuguzi, mkunga na afisa wa kliniki, mradi ana mafunzo ya kazi hiyo na leseni hai. Mwaka 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilisema kuwa mimba ya kubakwa nayo inaweza kutolewa ikiwa mtaalamu ataona inahatarisha maisha au afya ya mwathirika, afya ya akili ikiwemo. Lakini Kanuni ya Adhabu ya enzi za ukoloni bado ipo na vifungu vyake 158 hadi 160, na polisi huvitumia. Ndiyo maana maoni ya mtaalamu yaandikwe kwenye faili kabla ya huduma, wala si baada ya mtu kubisha hodi.

Tanzania nafasi ni finyu zaidi. Vifungu vya 150 hadi 152 vya Kanuni ya Adhabu vinaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, 7 kwa mwanamke mwenyewe na 3 kwa anayempa vifaa au dawa akijua matumizi yake. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Kubakwa hakutajwi. Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake ambao nchi iliridhia mwaka 2007, inataja kubakwa, ila daktari wa zamu huangalia Kanuni ya Adhabu.

Sasa hatari. Ya kwanza ni hesabu. Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si siku ya tendo. Aliyechelewa wiki moja tayari ana takriban wiki tano. Kadiri wiki zinavyosonga, ndivyo madhara yanavyoongezeka, na hapo ndipo chai ya rangi iliyokolezwa, au majivu, hufanya uharibifu wake: kwa kawaida havitoi mimba, vinakula muda tu. Vijiti na mrija hutoboa mfuko wa uzazi, wakati mwingine hadi utumbo, na kuingiza pepopunda. Sabuni ya unga huunguza.

Kituoni, mimba changa husafishwa kwa bomba la mkono la kufyonza, kazi ya dakika chache kwa ganzi. Kukwangua kwa chuma kumeachwa katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo uliza watatumia nini. Vidonge vya mifepristoni na misoprostoli navyo vimo kwenye miongozo hiyo. Shida ni vya kichochoroni: misoprostoli huharibiwa na unyevu, hivyo kidonge kilichotolewa kwenye karatasi yake ya alumini na kuuzwa kwenye bahasha huenda kimekwisha nguvu. Na mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi haitoki kwa vidonge kabisa. Mtu hutokwa na damu kidogo au asitokwe, anaamini mambo yamekwisha, kumbe mrija wa uzazi unakaribia kupasuka. Maumivu makali ya upande mmoja, maumivu ya ncha ya bega au kuzirai: ni dharura, saa hiyohiyo.

Baada ya kutumia vidonge, damu nyingi kuliko hedhi na mikazo ya saa kadhaa ni jambo la kutarajiwa. Kisichotarajiwa ni kulowanisha pedi kubwa mbili kwa saa moja, kwa saa mbili mfululizo. Homa na kutetemeka siku ya kwanza huweza kuletwa na misoprostoli yenyewe, lakini homa ya nyuzi 38 ikipita saa 24, au uchafu wenye harufu mbaya, hayo ni maambukizi. Hapa watu hukimbilia duka la dawa kununua amoksilini. Homa inashuka kidogo, kisha inarudi kwa nguvu, kwa sababu mabaki yamebaki ndani na ndiyo yanayolisha wadudu. Lazima yaondolewe.

Ukifika hospitali, sema kilichoingia mwilini na saa ngapi. Kijiti kinadai chanjo ya pepopunda na kuangalia kama pametoboka. Mitishamba inadai kuangalia ini na figo. Daktari anahitaji kujua nini na lini. Jina la aliyekupa halimsaidii kukutibu.

Aliyebakwa ana njia za mapema zaidi: P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ndani ya saa 120, na dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora kwa zote mbili. Kenya, fomu ya P3 ya polisi ni ya ushahidi. Matibabu hayaisubiri.

Na kabla ya kuruhusiwa, ulizia uzazi wa mpango. Yai linaweza kupevuka tena ndani ya wiki mbili, kabla hedhi haijarudi. Sindano na kipandikizi huanza siku hiyohiyo. Kitanzi husubiri ikiwa kuna maambukizi.