Kwa nini methadoni hutuliza arosto

Hapa Malindi, ambako hospitali ya serikali imekuwa ikitoa methadoni, dawa wanayopewa watumiaji wa heroini badala ya heroini yenyewe, tangu 2015, bado husikika kauli kwamba mateja wamebadilishiwa tu unga mmoja kwa mwingine. Mimi ni mfamasia, na wazazi wanaoniuliza jambo hili dirishani wanastahili jibu refu kuliko ninaloweza kulitoa huku wateja wengine wakisubiri. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, kwa kuwa heroini na methadoni hushika mahali pale pale mwilini.

Mahali penyewe ni protini zilizo kwenye utando wa seli, ziitwazo vipokezi. John Newport Langley wa Cambridge alipendekeza wazo la namna hiyo mwaka 1905, baada ya kuchunguza jinsi nikotini na kurare (sumu ya mimea inayolegeza misuli) zinavyopingana kwenye misuli. Vipokezi vya afyuni, yaani vile ambavyo heroini huvishika, vilidhihirishwa maabara mwaka 1973 na Candace Pert na Solomon Snyder, na mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen, wakatambua enkefalini, kemikali ambazo mwili hujitengenezea na ambazo hutumia vipokezi hivyo hivyo kupunguza maumivu. Unga, kwa hiyo, ni mgeni aliyekuta nyumba imekwisha jengwa.

Kushika kipokezi ni jambo moja, na kukiamsha ni jambo jingine. Mofini, ambayo ndiyo heroini hugeuka kuwa ikishaingia mwilini, hushika na kuamsha; methadoni nayo hufanya vivyo hivyo. Buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu huo, hushika kwa nguvu zaidi kuliko mofini, lakini huamsha kwa kiasi tu, ndiyo maana akipewa mtu ambaye bado ana heroini mwilini huweza kumtia papo hapo arosto kali, yaani mateso ya kukosa dawa. Nalokisoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha dozi, hushika bila kuamsha chochote, na kwa kushika huko huizuia mofini.

Tofauti kubwa kati ya heroini na methadoni, basi, imo katika muda. Heroini ikidungwa hufika kwenye ubongo upesi mno, na nguvu yake huisha baada ya saa chache. Seli ambazo vipokezi vyake vimeamshwa kila siku hujirekebisha ili zifanye kazi licha ya dawa hiyo. Ikiondoka ghafla, marekebisho hubaki bila cha kuyazuia, na mtu hutoka jasho, huharisha, husisimka vinyweleo na kuumwa mwili mzima. Hiyo ndiyo arosto, na ndiyo inayomrudisha maskani kabla jua halijatua. Methadoni ya kunywa hupanda polepole, na kwa wengi hudumu zaidi ya siku nzima, hivyo dozi moja mbele ya muuguzi huviweka vipokezi katika hali tulivu na kumwezesha mtu kwenda kazini. (Anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu amweleze daktari, kwa sababu ini lake litaiondoa methadoni haraka kuliko kawaida, lakini hilo ni jambo la ini, si la vipokezi.)

Kudumu huko kuna hatari yake. Vipokezi hivyo vipo pia katika sehemu ya ubongo inayosimamia kupumua, na methadoni hujilimbikiza, ndiyo sababu dozi huanza ndogo na kupandishwa kwa tahadhari. Mtu aliyetoka jela akiwa mwili wake umekwisha kuacha kuzoea, akirudia kipimo chake cha zamani, anaweza kukata pumzi. Nalokisoni humzindua kwa dakika chache, lakini kwa kawaida nguvu yake hudumu kati ya dakika 30 na 90 tu, ilhali methadoni ingali imo mwilini ikingoja vipokezi viwe wazi tena. Aliyezinduliwa namna hiyo abaki hospitalini chini ya uangalizi, hata akisisitiza kwamba yuko sawa na anataka kwenda nyumbani.