Nilivyoibana ramani ya zamani ya Grand Canyon, lile korongo kubwa la Marekani, iliyoanza kupimwa 1902, mpaka ikakaa sawa juu ya picha ya setilaiti

Kuna jamaa alinishauri kwamba ramani ya zamani unachukua kona zake nne, unaingiza latitudo na longitudo zilizochapwa pale, imeisha hiyo. Haijaisha ndugu zangu! Nilifuata hivyohivyo kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, kwa shiti ya Bright Angel (karatasi moja ya ramani hiyo), kontua zote, yani ile mistari ya kuonyesha miinuko, zikakaa upande, ukingo wa korongo ukawa unapita hewani kabisa, na korongo lenyewe lina kina cha kama kilomita 1.6, yani ukisogea kidogo tu ushatoka juu uko chini. François Matthes, mpima ramani wa USGS (shirika la serikali ya Marekani la jiolojia na ramani), na timu yake walianza kupima pale 1902, NAD27 yenyewe, ule mfumo wa Marekani wa kupangia latitudo na longitudo wa 1927, haijakuwepo, sasa namba za kona zitalinganaje na GPS ya leo?

Nikaachana na kona, nikaanza kufikiria Matthes mwenyewe alikuwa anapimaje. Alikuwa anasimamisha meza ya miguu mitatu ukingoni, analenga kilele kwa alidadi (rula yenye kifaa cha kulengea) anapiga mstari, anahamia sehemu nyingine analenga kilekile, mistari inapokatana ndo kilele kilipo. Kwa hiyo vilele ndo vya kuamini! Nikachukua Shiva Temple, Brahma Temple, Zoroaster na vingine vilivyochongoka, nikaviunganisha na picha ya setilaiti. Njia za miguu usiziguse, zimehamishwa sana, na kingo za mto Colorado pia achana nazo, maji hayaendi kama zamani tangu bwawa la Glen Canyon lianze kuyazuia 1963.

Halafu sasa utamu wenyewe. Ramani ile ni 1:48,000 na kontua zake ziko kila futi 50, nami nikashusha data ya miinuko ya USGS, nikatengeneza kontua zangu kila mita 15.24, sio 15, ni 15.24 maana ndo futi 50 zenyewe. Nikazilaza juu ya zile za Matthes kwa rangi nyekundu. Jamani, kwenye bega la Shiva mstari umelala juu ya mstari! Mtu kachora kwa mkono, kasimama ng'ambo ya shimo, bila ndege. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka.

Gharama hamna, topoView, tovuti ya USGS ya ramani za zamani, unashusha bure, ni bando tu ndo litaliwa kiasi maana mafaili mazito. Chukua GeoTIFF, faili la picha lenye taarifa za mahali ndani yake, usichukue PDF. Kwenye transfomesheni, yani namna QGIS inavyoivuta ramani ikae mahali pake, weka Thin Plate Spline, inayoikunja ramani ipite kwenye kila pointi uliyoweka, ukiwa na pointi za kutosha na uzisambaze shiti nzima, ukizirundika upande wa kusini huku kaskazini kutajikunja. Sahivi niko kwenye shiti ya Vishnu, kilele cha Wotans Throne kimeshakaa.