Nilivyofuatilia mwali wa leza uliohama angani

Kazi yangu kwenye majaribio ya chombo cha leza cha kulengea mabomu ilikuwa moja: kuhakikisha kwamba pale kamera inapotazama ndipo leza inapopiga. Ukilisema ni jambo jepesi. Kwenye ndege ya kivita iliyo kimo cha kilomita 6 ilinichukua miezi mingi, na katika kazi zote nilizofanya Uingereza hiyo ndiyo ninayojivunia zaidi.

Chombo chenyewe kilikuwa podi, bomba refu linalofungwa chini ya tumbo la ndege. Yetu ilifungwa kwenye Tornado, ndege ya kivita ya watu wawili. Mbele kina kichwa kinachozunguka, chenye dirisha, na ndani mna kamera ya joto inayoona usiku pamoja na leza ya kristali ya YAG yenye neodimi. Navigeta, anayekaa kiti cha nyuma, huweka msalaba wa kamera juu ya shabaha kisha hufyatua. Leza hupima umbali, na mwanga wake unaorudi kutoka kwenye shabaha ndio bomu linaoufuata. Mbinu hiyo Wamarekani waliitumia Vietnam tangu 1968, ofisa wa kiti cha nyuma wa ndege ya kivita ya Phantom akilenga kwa mkono kupitia kioo cha ubavuni huku rubani akizungusha ndege kushoto. Katika vita vya Ghuba vya 1991 Waingereza nao walipeleka Tabuk, Saudi Arabia, podi za TIALD, za kulengea kwa leza na kamera ya joto, ambazo uundaji wake ulikuwa haujakamilika. Nilikuwa nikiifikiria sana haraka ile. Mita chache pembeni ya ghala la silaha huwa ni nyumba ya mtu, na mwenye nyumba hana habari kama mafundi walimaliza vipimo au hawakumaliza.

Kabla ya chochote, macho ya watu. Mwanga wa leza hii una urefu wa wimbi wa mikromita 1.064. Jicho haliuoni, lakini unapita moja kwa moja hadi ndani, na lenzi ya jicho inaukusanya kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mtu anaweza kuungua asijue kimempata nini. Mwenye darubini yuko hatarini zaidi, kwa kuwa darubini huingiza mwanga mwingi zaidi. Kwa hiyo swichi kwenye magurudumu ilizuia leza isifyatuke ndege ikiwa ardhini, watu wa uwanja wa shabaha walivaa miwani ya kinga, na kila kitu king'aacho kiliondolewa. Hata madimbwi tuliyakagua, maana maji yaliyotulia hurudisha mwali kama kioo. Baada ya mvua kubwa niliwahi kuomba tuahirishe ilhali ndege imeshatiwa mafuta. Walikasirika, nami sikurudi nyuma.

Sasa tatizo. Hangani vipimo vilikaa sawa kabisa. Angani mwali ulihama. Tulilijua hilo kwa sababu kule uwanjani palikuwa na ubao mkubwa wenye miraba, na kamera maalumu inayoiona leza ikiurekodi. Tulilinganisha saa za kanda ile na za kanda ya podi, tukaona msalaba uko katikati ya ubao na doa la leza liko kando.

Karibu kila mtu alilaumu mtikisiko wa ndege. Mimi niliangalia madoa yenyewe. Mtikisiko ungeyatawanya huku na huku, lakini haya yalikuwa yamekusanyika, kundi zima likiwa limesogea upande mmoja. Tena kadiri ndege ilivyokaa juu ndivyo lilivyozidi kusogea, na iliposhuka likaanza kurudi. Mtikisiko haufanyi hivyo. Joto ndilo lifanyalo hivyo.

Kwenye kimo kile hewa huwa karibu nyuzi 24 chini ya sifuri. Ndani ya podi, bamba la alumini lililobeba leza na kamera lilipashwa juu na masanduku ya umeme, na chini likipoozwa na baridi ya nje, likapinda kama ubao wa mlango uliopigwa jua upande mmoja. Piga hesabu: bamba la urefu wa nusu mita na unene wa sentimita 10, tofauti ya nyuzi 1 tu kati ya juu na chini, hupinda kiasi cha mikroradiani 115, pembe ndogo mno. Kwa umbali wa kilomita 10 hiyo ni zaidi ya mita 1. Na tofauti yetu ilizidi nyuzi 1.

Nikabandika vihisi joto juu na chini ya bamba, kisha nikaomba safari ambayo hakuna rubani aipendaye: kupanda, kukaa kimo kimoja, kufyatua kila baada ya muda, bila kukata kona, mpaka mafuta ya kurudia yabaki. Niliwaeleza yeye na navigeta kila hatua na sababu yake, wakaifanya kwa uaminifu mkubwa. Mchoro wa joto na mchoro wa kuhama kwa doa vilipanda na kushuka pamoja.

Kulipatia bamba joto sawa pande zote kulisaidia, ila hakukutosha. Kilichotuponya ni kuiacha podi ijipime yenyewe angani. Kabla ya shambulio kichwa hugeuzwa ndani, leza hupiga kipande kidogo cha shabaha, na pale ilipopiga panapata joto. Kamera ya joto haiwezi kuona mikromita 1.064, lakini doa lililopata joto inaliona vizuri. Kompyuta hupima umbali kati ya doa na msalaba, kisha huusogeza msalaba mahali pake.

Tuliporudi uwanjani, madoa yalikaa kwenye mraba wa katikati, mwanzo wa safari na mwishoni. Kosa lililobaki lilitokea ndege ikikata kona kwa nguvu, uzito ulipolivuta bamba. Tukahamia huko.