Lenzi ya karakana ya ami

Karakana ya ami yangu iko Mkomani, hapa Lamu, na mwanga wake wote unaingia kwa mlango mmoja. Nilitaka kumpiga picha akichonga mfaa wa mlango, ule mti wa katikati. Kamera yangu ilikuja na lenzi ya milimita 18 hadi 55, na nikivuta mpaka 55, tundu lake la kupitishia mwanga halifunguki kupita f/5.6. Nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600, na bado shata, lile pazia la kamera linalofunguka picha ikipigwa, ilitaka sekunde 1/15. Patasi haingoji muda huo. Kila picha ilitoka na mikono iliyofutika.

"Ami, tulia kidogo."

"Nikitulia, mwanangu, mlango huu utaisha lini?"

Kilichonitatiza sana ni zile namba za f. Nilidhani f/8 ni tundu kubwa kuliko f/2, kumbe namba hiyo ni kigawanyo. Lenzi ya milimita 50 ukiigawa kwa 2 unapata tundu la upana wa milimita 25. Ukiigawa kwa 8, ni milimita 6 na kitu. Ni kama mfereji: ukiufungua wote ndoo hujaa upesi, ukiubana utasubiri. Kutoka f/5.6 hadi f/2 mwanga huongezeka mara 8, kwa hiyo sekunde 1/15 yangu ingekuwa 1/125. Hapo mkono wa fundi unanaswa.

Muuzaji mmoja Mombasa alinionyesha lenzi ya milimita 70 hadi 300. Inamfaa anayepiga mashindano ya jahazi akiwa gatini, lakini tundu lake ni f/4 hadi 5.6, na mimi ningerudi kwenye giza lile lile. Nikachukua ya milimita 50, f/1.8, isiyovuta.

Hata hiyo nilijutia kidogo. Sensa ya kamera yangu, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, kwa hiyo 50 huonekana kama 75, yaani kila kitu huvutwa karibu zaidi, na katika vichochoro vyetu unarudi nyuma hatua mbili tu mgongo unagusa ukuta. Anayeanza akiwa Lamu na kamera kama yangu, namshauri atafute ya 35 kwanza.

Halafu likaja jambo ambalo sikulitarajia. Kwa f/2 ncha ya patasi ilikuwa wazi kabisa, lakini uso wa ami ulikuwa ukungu, kwa sababu tundu likiwa kubwa, eneo linaloonekana vizuri huwa jembamba. Nikabana hadi f/4 na kumwomba asogeze kazi yake karibu na mlango, mwanga umfikie. Patasi, vidole na macho yake vikatoka pamoja.

Alipoiona picha aliuliza mbona nakshi za milango iliyo nyuma yake hazionekani. Kesho yake nikaenda na stendi, nikabana hadi f/8, nikaiacha shata wazi sekunde 2. Mlango unatulia.