Kitambaa hakibishani na mtu

Jumapili, 1 Agosti 2021

Nasafisha ndani ya gari langu kwa ajili ya korona, na kifungio cha mkanda wa siti ya nyuma kimenikalia kooni leo. Usukani unafutika, gia inafutika, hendibreki ni sekunde chache. Kifungio kina kile kitufe chekundu kilichozama ndani, na pembeni yake vumbi na jasho la watu vimegandana hadi vimekuwa vyeusi. Nimekwangua kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, nikakausha, kisha nikapitisha spiriti. Kila ninayempa lifti anakishika akipanda na akishuka, lakini sijamwona kijana wa kuosha magari hata mmoja akikigusa.

Wenyewe wanapenda kung'arisha. Dashibodi inapuliziwa mpaka inateleza, usukani nao unapata mgao wake, manukato ya stroberi yananing'inizwa kwenye kioo cha kati, unalipa unaondoka umefurahi. Uchafu uko palepale, umepakwa mafuta tu. Siku hizi nawaachia bodi na matairi, ndani nafanya mwenyewe.

Na wala sifanyi makubwa. Sabuni kidogo ya kuoshea vyombo kwenye maji, kitambaa kilichokamuliwa haswa. Kirusi cha korona kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni inaupasua. Spiriti ya asilimia 70 ni ya vitasa, swichi za vioo na funguo; skrini ya redio naiepusha nayo, na mwenye siti za ngozi aiogope pia, inakausha na kuchuja rangi. Siti zangu ni za kitambaa, kwa hiyo maji ni kwa kipimo: kwa unyevu wa Dar, sponji ikilowa utasafiri na uvundo wiki nzima. Jiki hainiingilii garini. Mvuke wake unakaba mle ndani, na kitambaa cheusi kinatoka madoa.

Mwaka jana lakini nani angesikia hayo? Machi 2020, mgonjwa wa kwanza alipotangazwa kule Arusha, ndoo zenye koki zilizuka mpaka magengeni, na daladala zikaambiwa asisimame abiria. Tukasoma kwamba kirusi kinaweza kudumu kwenye plastiki hadi saa 72, basi watu wakafuta hadi stepni. Mwaka huu wataalamu wa Marekani wamesema uwezekano wa kuambukizwa kwa kushika vitu ni mdogo. Balaa kubwa liko kwenye hewa tunayovuta pamoja.

Sasa hapo ndipo penye kazi, maana kitambaa hakibishani na mtu. Kioo cha dirisha kikishushwa kinabishaniwa. Asubuhi nampakia jirani yangu, mama mtu mzima, kutoka Tegeta hadi Posta, na kuanzia Mwenge foleni inatuweka humo ndani muda mrefu.

"Mwanangu, AC imeharibika?"

"Haijaharibika, mama."

"Sasa?"

Kumwambia mtu wa rika la mama yangu kwamba naogopa pumzi yake, na yangu pia kwa ajili yake, hiyo lugha sina. Kwenye kutakasa mikono nilipata njia: najipaka mimi kwanza, halafu namnyooshea chupa kama ninayemkaribisha karanga. Anapokea bila neno. Barakoa anavaa mwenyewe. Vioo ndiyo tulivutana, kwa sababu ya vumbi na wigi lake, na namwelewa, limetengenezwa likatengenezeka.

Tumefika mahali pa kuridhiana. Yeye anakaa nyuma kushoto, mimi niko mbele kulia. Nashusha kioo cha mbele kushoto na cha nyuma kulia, upepo unakatiza kati yetu na wigi linabaki salama. Vumbi likizidi, kama kuna lori la kokoto mbele, napandisha kidogo na kuwasha AC, ila kile kitufe chenye mchoro wa gari na mshale unaozunguka ndani nakizima, hewa iingie kutoka nje badala ya kuzungushwa ileile.

Juzi Ijumaa akaniuliza kama chanjo iliyozinduliwa na Rais Samia Jumatano ndiyo itatuwezesha kufunga vioo. Nikamwambia tukachanje kwanza, mengine tutaongea. Amekubali, ila siku hiyo nimpeleke mimi, na anataka AC ya kwenda na kurudi.